Maswali kwa Fundi Umeme: Karavani Iliyomaliza Betri ya Gari Usiku Mmoja

Katika toleo hili nimelipa nafasi kubwa swali moja kutoka Nyegezi, kwa sababu kosa lililomo ndani yake ninalikuta pia kwenye matela ya kuuzia chakula na kwenye matela ya mashua, na kila mara mwenye gari huambiwa kwamba betri yake imechoka, akanunua nyingine, nayo ikaisha vilevile. Maswali mengine matatu yanafuata.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mkazi wa Nyegezi, hapa Mwanza. Nimenunua karavani (tela lenye chumba cha kulala) iliyotumika, iliyotengenezwa Uingereza, kutoka kwa familia iliyokuwa ikirudi kwao. Ninaivuta kwa Toyota Hilux ya dizeli. Gari lilikuwa na soketi ya tundu 7, na karavani ina plagi ya pini 13, kwa hiyo muuzaji alinipa adapta. Kwa adapta hiyo taa zote za nyuma ziliwaka vizuri, lakini friji ya karavani haikupoa hata kidogo tukiwa safarini, wala betri ya ndani haikupata chaji. Nikaenda kwa fundi mmoja mjini, akaiondoa adapta, akafunga soketi ya tundu 13, akavuta waya mmoja kutoka kwenye betri ya gari, na friji ikaanza kufanya kazi. Tulipolala Lamadi, tukiwa njiani kuelekea geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, asubuhi gari halikuwaka kabisa. Tena nimeona kwamba friji ikiwa inafanya kazi, taa za nyuma za karavani hufifia, nikikanyaga breki taa za indiketa nazo huwaka kwa mbali, na plagi hupata joto la kuunguza vidole. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Umeniandikia dalili zote, hata zile ambazo watu huziona ndogo wakaziacha, na kwa dalili hizo ninaweza kukueleza kilichofanyika kwenye gari lako bila kulifungua boneti.

Nianze na adapta, maana haikuwa na kosa lolote. Soketi ya tundu 7 uliyokuwa nayo ni ya taa peke yake. Tundu la kwanza ni la indiketa ya kushoto, la pili taa ya ukungu, la tatu hasi, la nne indiketa ya kulia, la tano taa ya nyuma ya kulia, la sita breki, na la saba taa ya nyuma ya kushoto. Hakuna hata tundu moja lililotengwa kwa ajili ya friji au betri ya karavani, na adapta haiwezi kupeleka nyuma umeme ambao gari halijautoa. Huko Uingereza magari ya kuvuta karavani yalikuwa yakifungwa soketi mbili za tundu 7, moja ya taa na nyingine ya umeme wa ndani ya karavani, kabla soketi moja ya tundu 13 haijachukua nafasi ya zote mbili. Wewe ulikuwa na nusu ya kwanza tu ya mfumo.

Katika soketi ya tundu 13, namba 1 hadi 7 hufanya kazi zilezile za taa nilizozitaja, na namba 8 ni ya taa ya rivasi. Namba 9 huleta umeme wa kudumu kutoka kwenye betri ya gari. Namba 10 huleta umeme unaopatikana injini ikiwa inafanya kazi tu, nao ndio wa friji. Namba 11 ni hasi ya namba 10, namba 13 ni hasi ya namba 9, na namba 12 kwa kawaida huachwa tupu. Ukihesabu utaona hasi ziko tatu, yaani namba 3 kwa ajili ya taa, namba 11 kwa ajili ya friji na namba 13 kwa ajili ya umeme wa kudumu. Fundi aliyezoea matela ya kawaida akiziona hujiambia kwamba hasi ni hasi, zote zinaishia kwenye bodi ya gari, basi moja inatosha. Kwa taa za tela la mchanga anaweza kusema hivyo na asipate shida. Kwa friji inayovuta ampea 10 saa nzima bila kupumzika, hawezi.

Sasa tuitazame ile asubuhi ya Lamadi. Waya mmoja kutoka kwenye betri ndio uliolisha tundu namba 9 na namba 10 pamoja, bila rilei katikati, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme. Friji ya karavani ya aina yako, ambayo hutumia gesi, umeme wa nyumbani au umeme wa gari, haina kompresa. Ndani yake kuna kipande kinachopashwa joto, na joto hilo ndilo linaloendesha mzunguko wa kupoza. Kipande hicho kwenye volti 12 hutumia kama wati 120, yaani ampea 10, na kwenye friji nyingi za aina hii hakijizimi chenyewe kikiwa kwenye umeme wa gari, kwa sababu watengenezaji walitarajia kwamba gari ndilo litakaloukata. Ukizima injini saa 4 usiku na ukaamka saa 11 alfajiri, hizo ni saa 7, na ampea 10 kwa saa 7 ni ampea-saa 70, ambazo ni betri nzima ya magari mengi ya ukubwa wa lako. Injini ya dizeli inahitaji mamia ya ampea ili starta iizungushe, na betri yako haikuwa na chochote cha kutoa. Tafadhali usinunue betri mpya kabla ya kurekebisha nyaya. Chaji hiyo uliyonayo taratibu hadi ijae, kisha iache ipumzike usiku kucha na uipime: ikibaki karibu na volti 12.6 au 12.7 bado inafaa, ingawa betri ya risasi ikimalizwa kabisa hupoteza sehemu ya uwezo wake kila mara.

Joto la plagi, taa kufifia na indiketa kuwaka unapokanyaga breki ni ugonjwa mmoja. Umeme uliokwenda kwenye friji ni lazima urudi kwenye betri, na mahali pa kurudia fundi alipaacha ni tundu namba 3 peke yake. Kwa kuwa friji inafanya kazi wakati namba 11 haina waya upande wa gari, ni lazima kuna mahali ambapo waya wa hasi wa friji umeunganishwa na ule wa taa, na mara nyingi mahali hapo huwa ndani ya plagi ya karavani yenyewe. Ifungue utazame, nadhani utakuta kipande kifupi cha waya kinachoruka kutoka pini moja hadi nyingine. Hapo pini ya tatu inabeba mzigo wa friji juu ya mzigo wa taa. Mguso wenye kutu kidogo unaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.1, ambao kwa taa moja hauonekani, lakini ampea 10 zikipita hapo zinazalisha wati 10 za joto katika sehemu ndogo kama punje ya mchele. Hicho ndicho kilichokuunguza vidole, na ndicho kinachoyeyusha plastiki ya plagi.

Na indiketa? Unapokanyaga breki, umeme wa balbu za breki unataka kushuka kwa njia ya hasi, unakuta njia imebanwa, basi unatafuta pa kupenya. Unapanda kinyumenyume kupitia balbu za indiketa za karavani, unarudi kwenye nyaya za indiketa za gari, na unafika kwenye bodi kwa kupitia balbu za indiketa za gari lenyewe. Ndiyo maana zinawaka kwa mbali bila wewe kugusa swichi. Ukiona taa ya tela inawaka kwa amri isiyokuwa yake, anza na waya wa hasi kabla hujashuku kitu kingine chochote. Kwa ushauri huo peke yake ningeweza kuwaokolea wasomaji wengi fedha za balbu.

Marekebisho yenyewe yako hivi. Toa kabisa waya uliofungwa, kisha kwenye plagi ya karavani tenganisha hasi zote tatu, kila moja ibaki na pini yake. Kutoka kwenye betri ya gari vuta nyaya mbili za moto, moja ya namba 9 na nyingine ya namba 10, kila moja ikiwa na fyuzi yake karibu na betri, umbali usiozidi kiganja kimoja. Fyuzi ipo kwa ajili ya kuulinda waya, wala si kwa ajili ya kuilinda friji. Waya ukichubuka kwenye chasisi kati ya betri na fyuzi hakuna kitakachouzuia kuwaka moto, na fyuzi iliyofungwa nyuma kwenye soketi haisaidii lolote kwa waya wote ulio kati yake na betri. Fyuzi ya ampea 20 inatosha kwa kila waya.

Kwenye waya wa namba 10, na kwenye huo tu, weka rilei ya ampea 30 au 40. Rilei ya kawaida ina miguu iliyoandikwa namba: 30 hupokea umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, 87 huupeleka nyuma, 85 hufungwa kwenye hasi, na 86 hupokea amri. Amri hiyo itoke wapi? Mafundi wengi huichukua kwenye swichi ya gari kwa sababu ni rahisi kuifikia, nami siwakatazi, lakini kumbuka kwamba ukiwasha swichi ili kusikiliza redio huku injini imezimwa, friji nayo inanyonya. Mimi ninapendelea rilei inayopima volti yenyewe, ambayo hufunga mzunguko volti za betri zikipanda hadi karibu 13.3, kiwango kisichofikiwa ila altaneta ikiwa inachaji, na huufungua zikishuka hadi karibu 12.8. Ni ghali kidogo kuliko rilei ya kawaida, ila haimtegemei mtu kukumbuka chochote baada ya safari ndefu.

Katika karavani nyingi za Uingereza za miaka ya karibuni kuna rilei nyingine ndani, inayoamshwa na umeme wa namba 10. Inapoamka hukata taa za ndani na pampu ya maji, na hapohapo huunganisha friji na njia ya kuchaji betri. Kwa hiyo usishangae taa za ndani zikizimika pindi unapowasha injini; hiyo ndiyo ishara kwamba namba 10 imefika salama.

Kuhusu unene wa waya ninaomba usiniwekee mzaha, maana dukani utashawishiwa na bei. Kutoka betri ya Hilux hadi soketi ya nyuma, waya ukipitishwa vizuri, ni kama mita 6, na kurudi ni mita 6 nyingine. Ukitumia waya wa milimita 1.5 za mraba kwenda na kurudi, ampea 10 zitapoteza karibu volti 1.4 njiani. Ukitumia waya wa milimita 6 za mraba, zitapoteza chini ya 0.4. Tofauti ya volti moja inaonekana ndogo, lakini joto la kile kipande ndani ya friji hufuata mraba wa volti: zikipungua kwa sehemu moja ya kumi, joto linapungua kwa karibu sehemu mbili za kumi, na kwa hali ya hewa ya hapa kwetu hiyo ni tofauti kati ya samaki aliyefika akiwa baridi na aliyefika akinuka. Vuta milimita 6 hadi nyuma, kisha malizia na vipande vifupi vya milimita 2.5 vinavyoingia kwenye soketi, kwa sababu tundu la skrubu halitapokea waya mnene zaidi. Nyaya za hasi za namba 11 na 13 zipate unene uleule. Zirudishe hadi kwenye betri au, zikiishia kwenye chasisi, ziishie kwenye boliti iliyopigwa msasa hadi chuma king'ae, ikafungwa, kisha ikapakwa grisi juu. Usitumie waya wa kufungia umeme wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu. Barabara ya changarawe huutikisa hadi ukatike ndani ya ganda lake, na kwa nje utauona mzima.

Jambo hilo la waya uliokatika ndani linanikumbusha karavani moja iliyoletwa kwangu Igoma, yenye malalamiko kama yako ya mwanzo, kwamba friji haipoi. Mwenyewe alikuwa amepima kwa mita na kuona volti 12.6 kwenye tundu namba 10, na mafundi wawili walikuwa wamempimia wakaona hivyohivyo, wakaihukumu friji kuwa imekufa. Nilichukua balbu ya taa kubwa ya mbele, ya wati 55, nikaifunga nyaya mbili na kuigusisha namba 10 na namba 11. Iliwaka rangi ya chungwa, hafifu, kama kaa la jiko linalokaribia kuzima. Nikaweka mita hapohapo balbu ikiwa inawaka, ikasoma volti 7. Tulipolifuata waya kwa vidole, tulikuta mahali chini ya kitanda cha pikapu ambapo nyuzi zote zilikuwa zimeliwa na kutu ya kijani, ukabaki uzi mmoja. Uzi mmoja unatosha kabisa kuidanganya mita, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana; hautoshi kubeba ampea 10. Fundi wako akimaliza kazi, mwombe akupimie kwa balbu ya namna hiyo, injini ikiwa inafanya kazi, kwenye namba 9 na 13 kisha kwenye namba 10 na 11. Balbu iwake nyeupe, na mita isisome chini ya volti 13 wakati inawaka. Kisha mzime injini: balbu ya namba 10 na 11 izimike, mara moja au baada ya muda mfupi kama umefunga rilei ya kupima volti.

Hata nyaya zikiwa kamili, usiitegemee friji ya aina hii kupoza vitu vya moto ukiwa barabarani. Kwenye umeme wa gari kazi yake ni kuhifadhi ubaridi uliokwisha kuwepo. Iwashe nyumbani kwa umeme wa TANESCO siku moja kabla, weka vitu vilivyokwisha kupoa, ndipo uihamishie kwenye volti 12 wakati wa kuondoka. Ukifika kambini, ihamishie kwenye gesi. Lakini gesi izimwe kabisa gari likiwa katika mwendo, na hasa kabla hujaingia kituo cha mafuta, kwa sababu friji hiyo ikiwa kwenye gesi ina mwali wa moto ulio wazi nyuma yake.

Hukuandika Hilux yako ni ya mwaka gani. Kama ni ya miaka ya karibuni, ambayo altaneta yake inaongozwa na kompyuta, rilei ya kupima volti inaweza kuzima na kuwaka ovyo, kwa kuwa kompyuta hushusha volti za kuchaji kwa makusudi ili kupunguza matumizi ya mafuta. Gari la namna hiyo huhitaji chaja maalumu, inayopokea volti zozote za gari na kuzipandisha hadi kiwango ambacho betri ya karavani inahitaji, karibu 14.4. Taa nazo kwenye magari hayo zisichukuliwe kwa kung'ata waya wa taa ya nyuma. Tumia kisanduku cha kati kinachosoma ishara ya taa lakini kinachota umeme wake moja kwa moja kwenye betri. Kompyuta ya taa ikiharibika utalipa zaidi ya bei ya kazi yote hii.

Umefanya jema kununua karavani ya Uingereza, wanaoendesha kushoto kama sisi. Mlango wake unafunguka upande wa kandokando ya barabara, na watoto hawashukii kwenye magari.

SWALI: Ndugu fundi, salaam. Nina boti ndogo ya kuvulia ninayoishusha ziwani Luchelele kwa tela. Balbu za tela hupasuka karibu kila wiki, na soketi imejaa kutu ingawa maji ya ziwa hayana chumvi. Je, kuna balbu zinazovumilia maji?

JIBU: Salaam, ndugu yangu. Balbu zako zinapasuka kwa sababu zinaingia majini zikiwa za moto. Unarudi nyuma kwa rivasi huku umekanyaga breki, balbu za wati 21 zimepata moto mkali, kioo kinakutana na maji ya ziwa, na kinapasuka. Chomoa plagi kabla tela halijagusa maji, subiri dakika chache, ndipo urudi nyuma. Ukifanya hivyo utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya tatizo bila kutumia hata shilingi. Baadaye ukipata fedha, nunua taa za LED zilizozibwa kabisa tangu kiwandani, ambazo hazipati moto wa namna hiyo. Zikianza kupepesa haraka mno upande wa indiketa, fleshi ya gari (kifaa kinachopepesa indiketa) inadhani kuna balbu iliyokatika kwa sababu LED huvuta umeme mdogo. Badilisha fleshi uweke ya elektroniki isiyojali mzigo.

Kutu haihitaji chumvi. Inahitaji maji na hewa, na umeme huiharakisha, na soketi yako inavipata vyote vitatu. Kila unapotoka ziwani kausha pini kwa kitambaa, zipake grisi nyembamba, na funika soketi. Hakikisha pia kwamba tela lina waya wake wa hasi kutoka kwenye soketi hadi kila taa. Nimeona matela mengi ya boti yanayotegemea ndoano ya kuvutia kuwa ndiyo njia ya hasi, na ndoano hiyohiyo imepakwa grisi ili isisagike. Taa huwaka tela likiwa limetulia, na huzimika kwenye kila tuta.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na dada yangu tuna tela la kuuzia chai na vitafunwa karibu na kivuko cha Kamanga. Tunataka inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, itakayochukua umeme kwenye soketi ya gari, ili tuchemshe maji kwa birika la umeme la wati 2,000. Tumeambiwa inveta ya wati 3,000 inatosha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, wanangu. Inveta inatosha, soketi haitoshi, wala betri. Wati 2,000 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea 167, na inveta yenyewe hupoteza kiasi, kwa hiyo hesabuni ampea 180 au zaidi. Tundu la soketi ya tela limetengenezwa kwa ampea 20 hivi. Litayeyuka kabla birika halijatoa mvuke, na kama fyuzi imewekwa kwa usahihi haitawaruhusu hata kufika hapo. Maji chemsheni kwa gesi, mtungi ukiwa nje ya tela na mpira wake ukiwa mzima.

Inveta ndogo ya wati 300, ikiwa imefungwa kwenye betri ya tela yenyewe kwa waya mfupi na mnene, itawafaa kwa kuchaji simu za wateja na kuwasha redio. Taa za usiku ziwe za volti 12 moja kwa moja, bila kupitia inveta. Kwa kuwa nyinyi mnakaa mahali pamoja mchana kutwa, ningewashauri mweke paneli ya jua ya wati 100 juu ya paa kuliko kuwasha injini ili kuchaji. Siku yenye jua zuri itawarudishia ampea-saa kama 30, ambazo kwa taa nne za LED na simu ni nyingi. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 msiitumie kupita nusu. Ikifika volti 12.2 ikiwa imetulia, imefika nusu, zimeni.

SWALI: Kwako fundi. Nipo Magu na nina Mitsubishi Fuso yenye betri mbili. Nataka kuvuta tela lenye friji ndogo ya kompresa ya volti 12. Fundi wangu anasema nichukue umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili, kama tulivyofunga redio. Naomba ushauri wako.

JIBU: Msikilize kwa mengine, hapa usimfuate. Betri zako mbili zimefungwa kwa mfuatano ili kutoa volti 24, na altaneta inazichaji kana kwamba ni betri moja. Ukinyonya moja, hiyo itabaki na upungufu, na altaneta ikijaribu kuijaza itaizidishia nyenzake ambayo tayari imejaa. Moja itakufa kwa njaa na nyingine kwa kuchemka, na zote mbili utazibadilisha mapema. Redio huvuta kidogo ndiyo maana hujaona madhara bado, ingawa nayo ningeihamisha.

Nunua kigeuzi cha volti 24 kuwa 12, cha ampea 20 au zaidi, ukifunge karibu na betri chenye fyuzi upande wa kuingia na upande wa kutoka, na ukipe rilei ili kifanye kazi injini ikiwa inazunguka tu. Friji ya kompresa huvuta ampea 4 au 5 na hupumzika ikishapoa, kwa hiyo kigeuzi hicho hakitaelemewa. Balbu za tela zibadilishwe zote ziwe za volti 24, na juu ya mfuniko wa soketi andika kwa rangi namba 24, ili jirani mwenye pikapu akija kuazima tela ajue kabla hajachomeka.